Ukungu wa Saa Tatu

Kawangware 46
9 Februari 2025

Mama mkwe,

Nakusalimu kwa heshima. Nyumba yangu pia inakusalimu, ingawa siku hizi nyumba yangu ni mimi, Mitchelle na paka ambaye hatujampa jina. Tu wazima. Mitchelle ameingia gredi ya tatu. Meno mawili ya mbele yameng'oka na mapya yanachelewa, kwa hiyo anacheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Tangu tutoke mazishini Novemba nimekupigia mara tatu. Unapokea, nasikia unapumua, nawe unasikia napumua, kisha mmoja wetu anasema, "Haya basi, salimia watu," na tunakata. Miaka tisa sijakaa nawe chumba kimoja wala kukupa mkono, kama desturi ya kwetu inavyotaka kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Sikuwahi kuiona ni shida kwa sababu Sella alikuwepo. Alisimama mlangoni pako na kupeleka maneno: "Mama anasema hivi. Vincent anasema vile." Sasa mlangoni hakuna mtu. Nimeona niandike. Barua haimtazami mtu usoni.

Anayekuletea barua hii ni Urbanus, yule wa Machakos anayezungusha zipu na vifungo kwa mafundi cherehani kutoka huku hadi Kibera. Anasema chai yako anaijua vizuri.

Mama, kuna jambo dogo. Nilipopanga vitu vya Sella sikuona miwani yake. Unajua lenzi zile nilizisaga mwenyewe kazini, na fremu alichagua yeye, ile ya kahawia. Siku ya kwanza alipoivaa alisimama nje akatazama mti wa jirani, akaniambia, "Kumbe majani ni moja moja." Nimemuuliza dada yangu Valary, aliyetusaidia kufunga mizigo, mpaka akaudhika. Kama uliiona siku mlipomvisha, niambie tu ilikwenda wapi. Kama alizikwa nayo nitafurahi. Bila miwani hakuwa akimtambua mtu mpaka amkaribie, na mimi nawaza mambo ya kitoto, kwamba huko aliko atamtambuaje baba yake marehemu akimwona kwa mbali.

Mkweo,
Vincent Lusweti


Mashimoni, Kibera
27 Februari 2025

Baba Mitchelle,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa ndani ya pakiti ya zipu nyeusi. Urbanus aliisahau humo wiki nzima, na angeisahau zaidi kama nisingehitaji zipu. Nashukuru kwa salamu. Mimi niko, kuta ziko, na maji yamerudi kwenye kioski baada ya siku nne za kutafuta. Jirani yangu Ndunge anakusalimu. Mwambie Mitchelle asifunike mdomo. Meno hayaji kwa mtu anayeyafichia njia.

Kazi ipo, Mungu asifiwe. Kwaya ya kanisa letu imenipa majoho ishirini na mawili ya kushona, yanatakiwa kabla ya Pasaka. Meupe, kola ya zambarau. Nikitunga uzi kwenye sindano namkumbuka Sella akiwa wa miaka sita. Mimi nilikuwa naona mbali na kushindwa na sindano. Yeye hakuona ng'ambo ya barabara lakini karibu aliona mpaka macho ya siafu. Alinitungia uzi sindano kumi asubuhi kabla ya kwenda shule, akazichoma kwenye mto wa sindano, zinitoshe mpaka atakaporudi. Tukiwa pamoja tulikuwa mtu mmoja mwenye macho mazuri.

Kuhusu vitu, katika msiba watu ni wengi na vitu hupotea. Usimsumbue Valary.

Sasa nikuulize kwa niaba ya mama mmoja tunayesali naye. Ana miwani nzuri, si ya njiani. Ukiinamisha kwenye mwanga inatoa kijani, kama shingo ya njiwa. Lakini siku hizi imeingia utando ndani ya kioo, nyufa ndogo ndogo kama kazi ya buibui. Ameisugua na haitoki. Anauliza huo ni ugonjwa gani wa miwani, na kama una dawa.

Ni mimi,
Rispa Nanjala


Kawangware 46
12 Machi 2025

Mama,

Salamu kwako na kwa Ndunge. Mvua imeanza, na hapa kwetu matope yamefika kwenye ngazi. Mitchelle ameotesha ncha ya jino moja na sasa anacheka bila kufunika. Ulisema kweli.

Nimetupa karatasi mbili nikijaribu kukueleza kama mwalimu. Acha nikueleze fundi kwa fundi.

Zamani lenzi ilikuwa kioo kitupu, kizito, ikianguka ni vipande. Siku hizi nyingi ni plastiki. Plastiki ni nyepesi lakini laini. Hata pindo la leso lenye vumbi linaikwaruza. Ndiyo sababu kiwandani huivisha tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo. Lichukulie kama kile kitambaa kigumu unachoficha ndani ya kola. Juu yake huwekwa tabaka la kuzuia mng'ao. Lenzi tupu hurudisha mwanga kama dirisha: ukisimama mbele ya mwenye miwani unaona balbu badala ya macho yake. Tabaka hili huacha mwanga upite, na ule kidogo unaobaki kurudi ndio unaotoa ile kijani ya shingo ya njiwa. Juu kabisa kuna jingine la kufukuza maji na mafuta ya vidole. Yote hayo kwa pamoja ni membamba kuliko unywele.

Ziko pia lenzi zinazogeuka nyeusi juani na kurudi nyeupe ukiingia ndani. Sella nilimpa achague akazikataa. Alisema wateja wake wa sokoni watadhani anajificha. Tena siku hizi kuna watu wanauziwa lenzi za kuzuia mwanga wa simu kama vile simu ni moto wa kuchomelea vyuma. Mimi simuuzii mtu hofu.

Sasa huo utando. Wewe unajua joho lenye bitana: ukilichemsha, kitambaa kikavutika na bitana ikakataa, nguo yote inakunjamana. Plastiki ikipata moto hutanuka. Tabaka la juu yake haliwezi kutanuka kiasi hicho, basi linapasuka. Muulize huyo mama kama aliiosha kwa maji ya moto, au aliianika karibu na jiko. Na umwambie pole, kwa sababu nyufa hizo haziponi. Asisugue kwa majivu wala dawa ya meno, ataongeza mikwaruzo juu ya nyufa.

Lenzi zenye rangi hiyo si nyingi huko. Ni nani alimtengenezea? Nauliza kama fundi tu.

Likizo ya Aprili Mitchelle anataka kuja kwako kama kila mwaka. Ameshaanza kupanga nguo.

Mkweo,
Vincent


Mashimoni
21 Aprili 2025

Baba Mitchelle,

Pasaka njema, ingawa inapita. Nisamehe kwa kuchelewa na pia kwa ule ujumbe mfupi niliompa Urbanus, kwamba mtoto asije likizo hii. Ni matope. Na nyumba ina vitambaa kila mahali. Mwambie kukhu, bibi yake, anampenda, na kwamba yeye atakuja Agosti.

Kwaya iliimba vizuri, lakini kwa majoho ishirini na moja. Walubengo, yule mwalimu wa kwaya mwenye tumbo, alilivaa la kwake Ijumaa Kuu mbele ya watu wote, akageuka huku na huku kama kuku aliyefungwa mguu. "Mama Sella," akasema, "huu mkono unaelekea wapi? Bungoma?" Nilikuwa nimemshonea mikono miwili ya kushoto. Kwaya nzima ilicheka, nami nikacheka. Siku ya Pasaka aliimba akiwa na koti. Katika miaka thelathini na mmoja ya cherehani sijawahi kumshonea mtu mikono miwili ya kushoto.

Yule mama nilimuuliza. Amekubali kwamba aliichovya miwani kwenye maji ya chai yaliyokuwa yamechemka, akaianika ukingoni mwa jiko. Ilikuwa imetoka safari na vumbi na alitaka iwe safi. Alilia nilipomsomea maneno yako, kwamba haiponi.

Lakini anasema shida kubwa si nyufa. Hata akitazama pale pasipo na nyufa, ni ukungu. Tena ni ajabu: asubuhi akiamka anaona vizuri, anasoma maandishi ya kioski cha maji akiwa mlangoni kwake. Ikifika saa tatu, akikaa kwenye kazi yake, ukungu unaingia. Karibu ukungu, mbali ukungu, na kichwa kinagonga mpaka jioni. Taa zina duara. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo, kwa duara kwenye taa, kisha akaishi miaka kumi na mmoja gizani, akiongozwa kwa ncha ya fimbo kama ng'ombe. Kwa hiyo huyu mama ameamua asipimwe. Anasema siku zilizobaki ni afadhali azimalize bila kuambiwa.

Mwombee.

Rispa


Kawangware 46
26 Aprili 2025

Mama,

Salamu leo ni fupi. Mtoto alilia kidogo kuhusu likizo, amenyamaza.

Urbanus alipita hapa juzi na barua yako. Aliketi, akavua kofia, akaniambia, "Lusweti, kwani mama mkwe wako anahamia wapi?"

"Ahamie wapi?"

"Ameniuliza kama namjua fundi anayetaka cherehani. Ile yake! Nikamwambia, mathe, usinifanyie hivyo, sasa mimi zipu nitamuuzia nani? Hata hakucheka."

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua. Naomba umfikishie yule mama maneno haya kama yalivyo.

Miwani si leso kwamba yeyote anaweza kujifunga. Kila lenzi husagwa kwa namba ya macho ya mtu mmoja. Asiyeona mbali hupewa lenzi iliyobonyea katikati. Asiyeona karibu, kama wengi wetu tukizeeka, hupewa iliyovimba katikati. Sasa mtu anayehitaji iliyovimba akivaa iliyobonyea, karibu kunakuwa ukungu zaidi ya mwanzo, na hata mbali alikokuwa akiona kunafunikwa. Kichwa kitamuuma. Weka juu yake zile nyufa za moto, na kila taa itakuwa na duara. Macho yenyewe hayaharibiki kwa hilo, yanachoka tu.

Kwa hiyo muulize: saa tatu, anapokaa kazini, anavaa nini?

Aivue siku tatu aone. Asinijibu mimi. Lakini habari ya mama yake mzazi si ya kubahatisha. Presha ya macho hutembea katika ukoo, na huja bila kubisha hodi. Ikijulikana mapema kuna dawa ya matone, na macho yanatunzwa. Kliniki ya macho iko hapo njia ya Kambi Muru, wanapima kila Alhamisi. Mwambie asiogope. Hapana, mwambie aogope lakini aende.

Kuhusu miwani ya Sella, siulizi tena. Popote ilipo, naamini iko kwa mtu anayempenda.

Vincent


Mashimoni
11 Mei 2025

Vincent mwanangu,

Leo nianze na jambo lenyewe, salamu zitafuata.

Huyo mama ni mimi. Nadhani ulijua tangu shingo ya njiwa, na hukunivua nguo mbele ya watu. Mungu akulipe.

Miwani ilikuwa katika mfuko wa nguo alizotoka nazo Sella hospitalini. Mimi ndiye niliyeufungua. Nilifunga miwani kwenye pindo la leso yangu na sikumwambia mtu, hata ulipokuwa ukimsumbua Valary. Tuliporudi Nairobi niliiosha kwa maji ya moto kwa sababu ilikuwa na vumbi la kaburini na sikutaka kulifuta kwa mkono. Kisha nikaivaa. Nilitaka kuona dunia ilivyokuwa ikimwonekania. Nikaona ukungu, nikadhani ni machozi. Kila asubuhi nilipokaa kwenye cherehani niliivaa tena, na kila siku ukungu, nami nikasema sasa si machozi, sasa ni macho ya mama yangu yamenifikia. Sikufikiri hata mara moja kwamba ni miwani. Ulikuwa umeitengeneza wewe, na wewe hutengenezi kitu kibaya.

Ndiyo maana nilimzuia Mitchelle. Angeiona usoni pangu.

Barua yako nilimsomea Ndunge, kisha nikaivua miwani. Siku ya kwanza kichwa hakikuuma. Siku ya pili nikaona nguo za watu zikianikwa kule ng'ambo ya reli, rangi kwa rangi. Bado niliogopa, kwa ajili ya mama yangu, na Alhamisi mbili zilipita hivi hivi, ya kwanza kwa uongo na ya pili kwa mvua. Hapana, nakudanganya tena. Ni Alhamisi moja tu, na mvua haikuwepo. Alhamisi hii Ndunge alisimama mlangoni na mwavuli kwenye jua. "Twende," akasema. "Ukikataa nitaanza kuimba, na sauti yangu unaijua."

Daktari ni msichana, anaitwa Waithira, ana vidole baridi. Akaichukua miwani, akaiweka kwenye mashine yake, akanitazama.

"Mama, hii miwani ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ivae tena, usome pale ukutani."

"Sioni."

"Ivue. Sasa soma."

Nikasoma mpaka mstari wa chini, na jina la aliyechapisha karatasi nikaongeza. Ndunge akapiga kelele nje ya pazia. Daktari hakucheka. Akanitia matone ya kutanua mboni, mashine ikanipulizia hewa kama mtu anayepoza chai, akanimulika ndani kwa muda mrefu mpaka nikaanza kumtajia Mungu majina ya wajukuu ambao sina. Mwishowe akazima taa.

"Presha ya macho huna. Mshipa wa nyuma ya jicho ni mzima. Una macho ya umri wako tu, ya karibu. Kwa sababu ya mama yako utakuja kila mwaka nikuangalie. Lakini ulikuwa unajifunga macho mwenyewe, Mama."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya kliniki. Nilikuwa nimejiandaa kulia na kilio hakikuja, kikaja kicheko. Nikacheka mpaka Ndunge akauliza kama nimepewa dawa. Jua lilikuwa linaniumiza kwa sababu ya yale matone, kila kitu kilikuwa cheupe, na sikuogopa.

Karatasi ya namba zangu iko ndani ya bahasha. Miwani pia nimempa Urbanus, nimeifunga kwenye kitambaa cha joho. Ni yako. Nisamehe. Na cherehani haiuzwi.

Salamu sasa: tu wazima sana.

Mama yako,
Rispa


Kawangware 46
18 Mei 2025

Mama,

Urbanus aliiweka mkononi mwangu kama yai. Nilimwambia Valary ukweli kwamba nilimshuku bure, nikampelekea kuku. Alisema kuku ni mdogo, lakini ameshamla.

Sina cha kusamehe. Acha nami niseme langu. Tangu Novemba sijasaga lenzi hata moja. Nilimwomba mwenye karakana anipe kazi ya kufunga skrubu na kubadilisha vishikio vya puani, kwa sababu kila nilipowasha mashine nilisikia Sella akiuliza, "Hizo ni za nani leo?" Alipenda kujua jina la mtu. Juzi nilisoma karatasi yako ya daktari, nikatazama namba, na mkono ukaanza kutaka kazi.

Ninataka kuzisaga lenzi zako. Juu hazitakuwa na namba, kwa sababu mbali unaona. Chini zitakuwa na kidirisha cha kusomea na kushonea, ili usiwe unaivua na kuisahau karibu na jiko. Kwa hiyo ninahitaji vipimo viwili: umbali kati ya mboni zako, na kimo ambapo kidirisha kitaanzia. Anayepima hukaa mbele yako, umbali wa mkono mmoja, anakutazama machoni. Ningeweza kumwachia mtu mwingine. Lakini milimita chache za makosa na Walubengo atapata mkono wa tatu wa kushoto.

Nimempigia simu baba yangu mdogo, mzee Wepukhulu. Nilidhani atanigombeza. Alisema ile haya ya kutomtazama mama mkwe ina mlango wake: mwanaume anamfunika mama mkwe blanketi mabegani mbele ya shahidi, mama anampa chakula kwa mkono wake mwenyewe, na kuanzia hapo wanaweza kutazamana kama mtu na mwanawe. Akaniuliza kwa nini tulingoja mpaka aliyekuwa mlangoni aondoke.

Ukikubali, nitakuja Jumamosi, tarehe thelathini na moja. Ukikataa, nitaelewa, na nitamfundisha Urbanus kupima, Mungu atusaidie.

Vincent


Kawangware 46
14 Juni 2025

Mama,

Urbanus ana haraka. Hii hapa. Lenzi zako zina tabaka lile lile la kijani. Maji ya kawaida, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini nilichoweka ndani, leso hapana. Ukiiweka mezani, lenzi zitazame juu. Jiko liwe upande mwingine wa nyumba.

Fremu utaijua. Lenzi za Sella nimebaki nazo mimi. Zina nyufa, lakini nikiziinua kwenye mwanga bado zinatoa kijani.

Siku ile ya blanketi Mitchelle hakuacha kuisimulia shuleni. Nimemruhusu alale kwako Ijumaa hadi Jumapili.

V.


Mashimoni
21 Juni 2025

Vincent mwanangu,

Nakusalimu nikiwa mlangoni, barua iko gotini, na kila herufi ninayoandika naiona mwanzo na mwisho wake. Ndunge amesema maandishi yangu yamekuwa madogo kama ya karani. Mvua imekwisha. Mtoto amekula mboga ya mrenda sahani mbili na anajidai hajala.

Wiki tatu nimekuwa nikicheka peke yangu nikikumbuka ile Jumamosi. Blanketi lilinifunika hadi kichwa, kwa sababu ulinivisha huku ukitazama ukuta. Nami nilikumwagia mchuzi kwenye suruali. Kisha tukakaa kwenye vigoda viwili, ukaniwekea fremu, ukainua rula yako, nami kila ilipokaribia nikafumba macho. Miaka tisa ya kutokutazama haitoki kwa blanketi moja. Wewe ukangoja tu. Ni Ndunge aliyepoteza subira: "Mama Sella! Anapima macho, hapimi kope!" Hapo nikayafungua, na ulikuwa hapo. Sikuwa najua una kovu dogo juu ya nyusi. Sikuwa najua mnafanana na Mitchelle kiasi hicho mkiwa mnajizuia kulia. Ukasema, "Tazama pua yangu, Mama," nami nikatazama pua yako, na ikawa kazi tu, fundi na kipimo chake.

Miwani nilifungua nikiwa peke yangu. Nilitunga sindano mara ya kwanza. Nikaichomoa, nikatunga tena. Nilitunga sindano kumi, nikazichoma zote kwenye mto, bila sababu.

Ijumaa jioni Mitchelle aliingia, akaweka begi, akanitazama. Nilijiandaa. Akasema, "Hiyo ni ya mum."

"Ndiyo. Baba yako ameweka macho yangu ndani."

Akaiomba. Nikampa. Hakuivaa. Aliigeuza mpaka mwisho wa mkono mmoja, pale panapokaa nyuma ya sikio, akaniwekea kidole changu juu yake. "Kukhu, gusa hapa. Mum alikuwa anapang'ata akihesabu pesa."

Nikagusa. Alama za meno matatu, madogo, yaliyozama kwenye plastiki. Nilikaa na miwani hiyo tangu Novemba, sikuwahi kuyajua. Nilikuwa nikitazama kupitia kioo tu. Vincent, najua kazini mna plastiki mpya za kufunika ncha, za kila rangi. Skrubu umebadilisha. Vishikio vya puani umebadilisha. Fremu umeing'arisha mpaka inaonekana ya dukani. Hapo pekee hukugusa. Sasa nikivaa yananikaa nyuma ya sikio la kulia, kama mtu anayetaka kuniambia kitu.

Mtoto utamkuta Jumapili saa kumi, na chai itakuwepo. Ingia tu, usisimame nje kama zamani.

Namalizia hapa. Joho la Walubengo liko kwenye cherehani tangu asubuhi, na mkono wake wa kulia umebaki robo.

Mama yako,
Rispa Nanjala